Kabla hujaandika "haupo": kwa wanaoanza kutambua nzi wa kwenye kaharabu

Rasimu za spishi mpya ninazoletewa siku hizi zina picha nzuri kuliko tulizowahi kuziota. Tabaka zimeunganishwa vizuri, kila unywele unaonekana, mstari wa vipimo uko mahali pake. Kisha nasoma maelezo, na kabla sijamaliza aya ya bawa nakutana na sentensi zile zile: mshipa Sc (mmoja wa mishipa ya mbele ya bawa) haupo, vijicho (macho madogo sahili ya kichwani) havipo, miiba ya tibia (sehemu ya mguu) haipo. Narudi kwenye picha. Pale mshipa unapodaiwa kukosekana pamekaa kiputo cha hewa. Kipaji ambacho eti hakina vijicho kimefunikwa na utando mweupe. Tibia inayosemwa haina miiba imegeuzia upande wa pili.

Wadogo zangu, nafurahi sana kwamba mmechagua nzi wakati wenzenu wengi wanakimbilia wanyama wakubwa. Katika kaharabu ya Baltiki, utomvu wa kale wa miti uliogeuka kisukuku, takribani nusu ya wadudu walionaswa ni wa oda yetu, Diptera (nzi na mbu), kwa hiyo kazi haitatuishia. Lakini kosa hili nimelisahihisha pembeni mwa kurasa mpaka mkono umechoka, na naona linarithishwa kutoka kundi moja la wanafunzi hadi lingine. Nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja. Sitaeleza Nematosera na Brakisera zinatofautiana vipi wala halteri ni nini. Hayo mnayo.

1. Jua kwanza umeshika kaharabu gani.

Ya Baltiki ni ya Eosini, kati ya miaka milioni 34 na 48 hivi. Ya Kachin, kaskazini mwa Myanmar, ina takribani miaka milioni 99. Ya Dominika ni ya Miosini, miaka milioni 15 hadi 20. Ya Lebanoni ni ya Kretasia ya mwanzo, na inazidi zote hizo kwa umri. Nzi mmoja mwenye sura ile ile ana habari tofauti kabisa kutegemea alikotoka. Chukueni mbu dume wa Lebanoni aliyeelezwa mwaka 2023, Libanoculex intermedius. Ana mdomo wa kutobolea, kitu ambacho mbu dume wa leo hana. Uzito wa habari hiyo umo katika umri wake. Kipande kile kikipewa lebo ya mahali pengine, tunabaki na mbu wa ajabu asiye na pa kuwekwa.

Lebo ya muuzaji ni dai tu mpaka utakapolithibitisha. Kwa Baltiki, tumieni spektra ya infraredi na mtafute lile bega la grafu kati ya 1250 na 1175 kwa sentimita. Vile vinywele vya mwaloni vyenye umbo la nyota vikiwepo ndani ya kipande, navyo vinasaidia sana.

Sandarusi, utomvu mgumu ambao bado haujawa kaharabu, ndiyo inayowasumbua wengi. Sandarusi ya Afrika Mashariki hutoka kwenye mti Hymenaea verrucosa, na kaharabu ya Dominika ilitoka kwenye mti wa jenasi hiyo hiyo, Hymenaea protera, uliokwisha kutoweka. Ndiyo maana kwa macho zinafanana kiasi cha kumdanganya hata mzoefu. Lakini sandarusi ni changa mno, na nzi wake wengi ni wale wanaoruka leo. Tone la asetoni pembeni kabisa mwa kipande, mbali na mdudu, litakujulisha: sandarusi hulainika na kunata. Naomba sana, mbali na mdudu. Nimeshaona alama ya kidole iliyokauka juu ya bawa ambalo lilikuwa zuri asubuhi ya siku hiyo.

2. Kipande kinaweza kuwa halisi na nzi akawa wa uongo.

Makumbusho ya Historia Asilia ya London ilinunua mwaka 1922 kipande cha kaharabu ya Baltiki chenye nzi aliyehifadhiwa vizuri ajabu. Mwaka 1966 Willi Hennig aliandika makala juu yake. Hennig ndiye aliyetufundisha sote kupanga viumbe kwa nasaba, na juu ya hayo alikuwa mtaalamu wa nzi wa kiwango ambacho sijui kama tutakipata tena. Alimtambua nzi yule kuwa Fannia scalaris, nzi wa vyooni ambaye bado tunaye hadi leo. Maana yake ilikuwa nzito: spishi ya leo imeishi tangu Eosini bila kubadilika.

Mwaka 1993 mtafiti Andrew Ross alikuwa akikitazama kipande hicho kwenye hadubini akaona ufa. Mtu asiyejulikana alikuwa amekipasua kipande katikati, akachimba kishimo ndani ya nusu moja, akamlaza humo nzi wa kawaida, kisha akagandisha nusu zote mbili. Kaharabu ilikuwa ya Baltiki kweli. Nzi alikuwa Fannia scalaris kweli.

Tazameni mahali kosa lilipokaa. Utambuzi wa Hennig ulikuwa sahihi. Alihesabu nywele zake na kusoma mishipa yake kama kawaida yake, na akapata jina lililo sawa. Swali ambalo halikuulizwa kwa ukali wa kutosha lilihusu kile kilichomzunguka nzi. Kwa hiyo, kabla ya kufungua ufunguo wowote (orodha ya maswali ya kumtambulia mdudu), zungusheni kipande chini ya mwanga wa urujuanimno mkitafuta mstari wa gundi, mfuate mistari ya mtiririko wa utomvu mwone kama inapita kumzunguka mdudu au inakatika ghafla, na mwulize kwa nini mdudu amelala katikati barabara, mabawa yamekunjuliwa, bila hata kiputo kimoja. Aliyenaswa akiwa hai hupambana. Mguu hung'oka, bawa hukunjamana, utomvu huvutwa pembeni mwake. Uzuri uliopita kiasi ni sababu ya kutazama tena.

Na nzi akifanana mno na spishi ya leo, mkapata jina bila tatizo lolote, hapo ndipo mrudi hatua ya kwanza.

3. Andaa kipande kwanza.

Msasa wa maji, kutoka namba ndogo hadi namba kubwa kabisa uliyo nayo, nyuso mbili bapa zinazoelekeana, moja juu ya mdudu na moja chini yake. Msitambue nzi kupitia kipande kilichoviringwa kama kishaufu, kwa sababu uso wa mviringo hukuza hapa na kubana pale, na urefu wa bawa mnaoupima si urefu wake. Kama hamwezi kusaga, tone la glisirini na kioo chembamba juu yake hufuta mikwaruzo, kwa kuwa glisirini hupindisha mwanga karibu sawa na kaharabu. Kipande chenye nyufa kifunikwe kwa epoksi ndani ya chombo cha ombwe kabla hakijaguswa na msumeno. Kaharabu ya Kachin hupasuka kwa urahisi kuliko mnavyodhani. Kabla ya kukata chochote, chora ramani ya kila kilichonaswa humo, hata sisimizi nusu na chembe za chavua, maana ukishamtenganisha nzi na jirani zake huwezi kuwarudisha.

Na usisage peke yako usiku.

4. Sasa lile lililoniuma.

Nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo kosa ninaloliona katika rasimu zenu, na nataka mjue linaishia wapi.

Nilikuwa na nzi wa uyoga kutoka kaharabu ya Baltiki. Mnaijua tabia ya kaharabu hiyo: mara nyingi upande mmoja wa mdudu hubaki safi na upande wa pili hufunikwa na utando mweupe, viputo vidogo mno vilivyotokana na majimaji ya mwili uliokuwa ukioza ndani ya utomvu. Nzi wangu alikuwa hivyo hivyo. Upande wa kushoto ulikuwa safi, kila kitu wazi, nikaupenda. Nilichora bawa la kushoto, nikalipiga picha, nikalipima. Upande wa kulia niliuangalia kidogo, nikaandika kwenye daftari kwamba umefunikwa, nikaendelea na kazi.

Kwenye bawa lile la kushoto sikuuona mshipa R4. Mnaufahamu, ule mfupi unaotoka kwenye tawi la R na kuishia karibu na R1 au ukingoni mwa bawa. Katika kundi lile, jenasi nyingine zinao na nyingine hazina, na funguo hugawanya njia hapo. Kila kitu kingine kilinipeleka kwenye jenasi inayojulikana siku nyingi: umbo la vipapasio, urefu wa koksa (pingili ya kwanza ya mguu), mpangilio wa miiba ya tibia, uma wa M. R4 peke yake ndiyo iliyokataa. Mtu mwenye akili tulivu angesema, sifa nyingi zinakubaliana na moja inapinga, ngoja niitilie shaka hiyo moja. Mimi nilikuwa nimekwisha kuliona jina jipya, na baada ya hapo kila nilichokiona kililitumikia jina hilo. Nilipata hata sababu ya kimaumbile ya mshipa ule kupotea.

Makala ilipopelekwa kwa wahakiki, mmoja wao aliuliza swali fupi: je, mwandishi ameliona bawa la pili? Nikajibu kwamba bawa la pili limefunikwa na utando, na kwamba la kwanza limehifadhiwa vizuri vya kutosha. Jibu hilo lilikuwa na adabu zote, na mhariri akaridhika. Ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mlango ulifunguliwa mbele yangu nikaufunga kwa mkono wangu.

Jenasi ikachapishwa. Ikaingia kwenye katalogi. Kisha watu wengine, waliokuwa wakifanya kazi ya uangalifu, waliiingiza katika matriki yao ya sifa, jedwali la kukokotolea nasaba. Katika safu ya R4 waliandika 0, yaani haipo, kama nilivyowaambia. Sifuri hiyo ikashirikiana na nyingine chache kuuvuta mstari wa nzi wangu hadi karibu na shina la mti wao, na kutoka hapo wakajadili lini kundi lile lilianza kupoteza mishipa. Mjadala ulikuwa mzuri. Ulisimama juu ya kitu ambacho hakikuwepo.

Baadaye mtafiti mmoja kijana aliomba kuazima holotipu (mfano wa kumbukumbu unaobeba jina) kwa kazi yake mwenyewe. Aliitazama bila haraka, akagundua kwamba ncha ya bawa la kulia inatokeza nje ya ule utando mweupe. Kutoka pembe niliyokuwa nikitazama haikuonekana, kwa sababu uso wa kipande upande ule haukuwa umesagwa, ulikuwa na ukungu na mikwaruzo. Aliomba ruhusa ya makumbusho, akafungua kidirisha kidogo cha pembeni, akatia glisirini. Kisha akanitumia picha bila maneno.

R4 ilikuwepo. Fupi, imepauka, iko mahali pake hasa. Nikarudi kwenye picha zangu za bawa la kushoto. Kando ya R1 kulikuwa na mkunjo, bawa lilikuwa limejikunja kidogo sana pale, na mshipa ulikuwa umelala ndani ya mkunjo huo. Kwa mwanga wa kutoka chini, mkunjo na R1 vilionekana kuwa mstari mmoja mnene. Niligeuza taa ikaja kwa ubavu, na kivuli chake kikajitokeza katika bawa lile lile nililolichora. Miaka yote ile mshipa ulikuwa mbele ya macho yangu.

Tuliandika pamoja makala ya kuifanya jenasi ile kuwa sinonimu, jina la ziada la jenasi iliyokwisha kujulikana, na jina lake yeye likatangulia kama ilivyostahili. Niliwaandikia pia wale wenye matriki. Walikuwa waungwana. Lakini makala yao bado inasomwa na watu ambao hawajaiona yetu, na hilo siwezi kulirekebisha.

Kwa hiyo ninaposisitiza jambo hili msinione mkorofi. Ili uandike kwamba kitu hakipo, unahitaji kuwa umepaona mahali kinapopaswa kuwa, pote, katika fokasi, kwa mwanga wa kutoka chini na wa kutoka ubavuni, na umethibitisha kwa bawa la pili, mguu wa pili, au mdudu wa pili. Kimoja kikikosekana, andika kwamba hakikuonekana, useme na sababu: kiputo, utando, mkunjo, ufa, pembe. Katika matriki weka alama ya kuuliza. Programu za nasaba zimeundwa kuipokea alama ya kuuliza bila shida. Sifuri ya uongo hazina namna ya kuijua.

Mfano mwepesi wa kufanyia mazoezi ni vijicho. Trichoceridae wanavyo, Limoniidae hawana, na miguu mirefu na mabawa ya wote wawili huwadanganya wageni. Sasa chukua kipande ambacho kiputo kimekaa juu ya kichwa cha nzi. Ukiandika kwamba vijicho havipo, umempeleka familia nyingine kwa sababu ya hewa. Hapo tafuta mshipa wa A2. Kwa Trichoceridae ni mfupi na umepinda ghafla kuelekea ukingoni, nao hauna habari na kiputo cha kichwani.

5. Mdudu uliyenaye si mdudu aliyenaswa.

Kaharabu ya Baltiki iliyopikwa kwenye otoklevu ili iwe angavu humwacha nzi mweusi, aliyenywea, na kaharabu yenyewe hujaa vile vipande vya duara vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Rangi ya nzi wa namna hiyo msiiandike katika utambuzi, na uwiano wa tumbo na kifua uandikeni kwa tahadhari. Katika kaharabu nyingine mgandamizo wa ardhini umembonyeza mdudu, na jicho la duara limekuwa yai. Nimesoma maelezo ya spishi mbili zilizotofautishwa kwa umbo la jicho, na kila moja ilikuwa imelalia ubavu wake. Linganisheni kushoto na kulia. Mgandamizo mara nyingi hauli pande zote sawasawa.

Unyuzi wa kuvu uliotoka kwenye kipapasio unaweza kusomwa kama arista, ule unywele wa kipapasio. Arista ina mahali pa kuanzia kwenye pingili ya mwisho, kuvu huota popote.

6. Njia za mkato za familia, kwa ajili ya kupanga trei tu, si kwa ajili ya kuchapisha.

Kifua kilichoinuka kama nundu, mishipa minene mbele na mingine hafifu ya mshazari nyuma: Phoridae. Daraja la macho linalokutana juu ya vipapasio, uma wa M wenye umbo la kengele: anzia Sciaridae. Mishipa michache, vipapasio kama shanga, tibia bila miiba ya nchani: Cecidomyiidae. Mabawa yenye manyoya na ncha iliyochongoka: Psychodidae. Kati ya Chironomidae na Ceratopogonidae, tazama mshipa wa M: kwa Ceratopogonidae kwa kawaida umegawanyika mara mbili, na kosta (mshipa wa ukingo wa mbele) huishia kabla ya ncha ya bawa.

Hizo zinawatosha kwa siku ya kwanza. Na zinafaa zaidi kwa Baltiki kuliko kwa Kachin au Lebanoni. Ukirudi nyuma hadi Kretasia unaanza kukutana na nzi wenye sifa za familia mbili kwa pamoja, wengine wakiwa na mdomo mrefu usiofanana na wa yeyote aliye hai. Zhangsolvidae wa kaharabu ya Uhispania, Buccinatormyia, walikutwa na chavua ya mimea isiyotoa maua mwilini mwao. Kundi zima limetoweka. Ufunguo ulioandikwa kwa nzi wa leo utakupa jina hata kwa mdudu wa aina hiyo, kwa sababu ufunguo haujui kusema sijui. Mkifika mwisho wa ufunguo, ngoja, soma utambuzi kamili wa familia mliyoipata, sifa moja baada ya nyingine. Mkikuta tatu zinapinga, huenda mnaye ndugu wa kundi hilo aliyechipuka kabla halijawa kundi. Nasaba hizo za shina ndizo zinazotueleza sifa zilikuja kwa mpangilio gani, na kumsukumiza mmoja wao ndani ya familia ya leo ni kuziharibu tarehe za watu wote watakaomtumia kupima umri wa mti.

7. Semeni mnatumia majina gani ya mishipa.

Mshipa ambao vitabu vya zamani vinauita CuA1, wengi sasa tunauita M4, kufuatia hoja za Wootton na Ennos za mwaka 1989. Sentensi moja katika sehemu ya mbinu inatosha. Mkiikosa, anayelinganisha maelezo yenu na ya watafiti wa zamani kama Hennig au Meunier atahesabu tawi moja zaidi ama pungufu, na kosa litaonekana kuwa la nzi.

8. Jifunzeni nzi walio hai.

Hili nalisema kwa moyo wangu wote, kwa sababu naona vijana wanaojua majina ya visukuku vya Kachin ambao hawajawahi kumtoboa pini nzi wa dirishani. Mwaka 1999 Waters na Arillo walieleza jenasi Alavesia kutoka kaharabu ya Kretasia ya Uhispania. Ilichukuliwa kuwa jenasi iliyotoweka, na kwa ushahidi uliokuwepo hakukuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo. Mwaka 2010 Sinclair na Kirk-Spriggs wakaeleza spishi zilizo hai za Alavesia kutoka Namibia, milima ya Brandberg. Wapo, wanaruka. Waliweza kutambuliwa kwa sababu watu wale waliokuwa wakipanga nzi wa leo walikuwa wanawajua pia wa kwenye kaharabu, na maelezo ya 1999 yalikuwa mazuri kiasi cha kumfananisha nzi aliye hai na ndugu yake wa Kretasia.

Ndiyo kazi ya maelezo mazuri. Siku moja mtu atakuwa na nzi hai mkononi na makala yako mezani, na itabidi aamue. Kama uliandika kwamba mshipa haupo ilhali ulifunikwa, atampita.

Kwa hiyo someni miongozo ya nzi wa leo, ule wa Afrotropiki hasa, ambao jalada lake la kwanza lilitoka 2017. Pangeni trei za makumbusho mnapoombwa, hata kama si mradi wenu. Tazameni bawa la kweli likiwa mbichi, mbonyeze, mlikunje, mwone mkunjo unavyojifanya mshipa na mshipa unavyojificha kwenye mkunjo. Hakuna picha itakayowafundisha hilo.

9. Skani si muujiza.

Mikro-CT na sinkrotroni, skani za mionzi ya X, vinafungua viungo vya uzazi vilivyofichwa ndani ya tumbo, na kwa familia nyingi spishi iko huko. Mabawa, kwa wembamba wake, mara nyingi hayatoki. Na mionzi mikali ya sinkrotroni inaweza kuitia kaharabu weusi, kwa hiyo picha zote za hadubini zitangulie. Kama skani haikutoa mshipa, mnajua tayari cha kuandika.

10. Jina linahitaji mahali pa kukaa.

Kwa kanuni za majina ya wanyama, spishi iliyopewa jina baada ya 1999 lazima itajiwe wazi mfano wake wa kumbukumbu na mkusanyo unakohifadhiwa. Andikeni makumbusho na namba. Kipande kilichobaki mikononi mwa mtu binafsi kinaweza kuuzwa kesho, na hapo hakuna atakayeweza kufungua kidirisha cha pembeni na kukusahihisha. Mimi nilisahihishwa kwa sababu holotipu yangu ilikuwa kwenye droo ya umma na mtu aliruhusiwa kuiazima. Kama ingekuwa sebuleni kwa mtu, sifuri yangu ingekuwa hai mpaka leo.

Kuhusu Kachin, mnajua hali. Jeshi lilichukua maeneo ya migodi mwaka 2017, na mwaka 2020 chama cha wanapaleontolojia wa wanyama wenye uti wa mgongo kiliwaandikia wahariri kikiomba vipande vilivyotoka huko tangu wakati huo visichapishwe kwa muda. Sisi tunashughulika na nzi, lakini kaharabu ni ile ile na watu wanaoichimba ni wale wale. Kwenye meza yangu, kipande cha Kachin kisicho na karatasi zinazoonyesha kilitoka lini na kwa njia gani sikifungulii hadubini.

Zile rasimu zilizo kwangu sasa nazirudisha wiki hii. Kila moja nitaiambatishia jedwali tupu la safu nne: sifa, ipo, haipo, haikuonekana na kwa nini. Jazeni mkiwa mbele ya kipande chenyewe, si mbele ya picha, na mwanze na ile safu ya mwisho. Yule mwenye nzi wa Limoniidae aliyefunikwa kichwa, usilete jedwali kabla hujafungua uso wa pili wa kipande. Kuna nafasi ya kutosha upande wa mkia, nimepima, na msasa uko kwenye droo ya pili.